Msamaha wa kodi ni wa kanisa, si wa mchungaji

Nimekuwa mweka hazina wa kanisa dogo hapa Malindi, upande wa Muyeye, kwa miaka sita. Jumapili tulihesabu sadaka watu watatu, nikaandika daftarini, Jumatatu nikapeleka benki. Miaka yote hiyo sikupeleka hata senti ya makato ya wafanyakazi. Mchungaji alikuwa ameniambia tangu siku ya kwanza, "Dada, hizi ni fedha za madhabahu. Serikali haina mkono humu." Nikaitikia amina.

Wafanyakazi tulikuwa nao wanne: mlinzi wa usiku, mfagiaji, mwalimu wa chekechea na mchungaji mwenyewe. Yeye neno mshahara hakulitaka. Chake kiliitwa posho ya huduma, shilingi 60,000 kila mwisho wa mwezi, na nyumba tukamlipia.

Mapema mwaka 2025 mke wa mzee mlinzi alilazwa. Kwenye dirisha la hospitali mzee akaambiwa michango yake ya SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, haijalipwa. Alinifuata nyumbani jioni, kofia mkononi. "Mama, mimi si nimeajiriwa na kanisa? Mbona huko sionekani?" Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Mshahara wake ulikuwa 12,000. Mchango wa SHA ni asilimia 2.75, yaani shilingi 330 kwa mwezi, fedha ambazo sisi ndio tuliopaswa kumkata na kuzipeleka. Jumapili iliyofuata tukapitisha kapu kumchangia bili ya maelfu.

Tangu hapo nikaanza kuuliza. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya inaruhusu pato la taasisi iliyoundwa kwa ajili ya dini, elimu au kusaidia maskini lisitozwe kodi. Lakini msamaha huo huombwa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, kwa hesabu zilizokaguliwa, na cheti kina mwisho wake. Kusajiliwa kama kanisa hakutoshi. Sisi hatukuwa tumeomba kamwe. Na hata tungekuwa nacho, cheti husamehe pato la taasisi. Hakimsamehi anayelipwa na taasisi. Fedha inayotolewa kila mwezi kwa kazi ni mshahara hata ukiiita posho, baraka au mbegu, na nyumba anayolipiwa mtu nayo huhesabiwa katika pato lake.

Mchungaji alipoona nimeshikilia, alinisimulia habari za watumishi wa Marekani waliosimama imara mbele ya watoza kodi. Nikamtafuta mmoja wao, Kent Hovind wa Pensacola, Florida. Alidai mali yake yote ni ya Mungu na kwamba waliomfanyia kazi ni wamishenari, si waajiriwa. Novemba 2006 alitiwa hatiani kwa makosa 58, yakiwamo ya kodi za wafanyakazi hao, na Januari 2007 akahukumiwa kifungo cha miaka 10. Mkewe naye alifungwa. Sioni ushujaa hapo. Naona wafanyakazi ambao mwajiri wao alikana kuwa aliwaajiri, kama tulivyomfanyia mzee wetu.

Si makanisa tu. Jirani yangu wa Shela, anayeshika hesabu za madrasa, aliwahi kuambiwa kwamba aliyetoa zaka amemalizana na serikali. Akajibu kwamba wanaostahili zaka wametajwa katika Sura ya Tawba, makundi manane, na KRA haimo. Zaka yatolewa kwa hao, na kodi inabaki pale pale. Nasi tuna Warumi 13, "mtu wa kodi, kodi", na mistari hiyo nimeisikia mimbarini mara chache mno.

Ukiombwa kushika hazina ya kanisa au msikiti, kabla ya kukubali omba kuonyeshwa cheti cha msamaha, usome tarehe ya kwisha. Kisha andika jina la kila anayelipwa kila mwezi, na wa chini kabisa. Mwenye 12,000 hafikii kiwango cha kodi ya mshahara, lakini SHA, NSSF (mfuko wa pensheni) na tozo ya serikali ya nyumba za bei nafuu vinamhusu. Makato ya mwezi hupelekwa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kama kuna deni la nyuma, KRA hukubali kuafikiana ulipe kidogo kidogo. Nendeni wenyewe kabla hamjaitwa. Mkubwa akikataa, pingamizi lako liandikwe katika kumbukumbu za kikao, kwa jina lako. Usitie sahihi kwa sababu tu mtu amekuambia ni imani. Mimi nilitia sahihi miaka sita, na mwandiko uliomo daftarini ni wangu.

Kamati ilikubali kuwaandikisha mlinzi, mfagiaji na mwalimu. Kuhusu posho ya mchungaji, walisema tumwombe Mungu kwanza. Nikawakabidhi daftari, kitabu cha hundi na funguo za sanduku, mbele ya mashahidi wawili. Mwisho wa mwezi mzee mlinzi alipita nyumbani kunionyesha karatasi yake ya kwanza ya mshahara. Akaniomba nimsomee kila mstari, na tulipofika kwenye zile 330 akaniambia nirudie.