Karata darasani: kwa mwalimu anayeanza na darasa la pili au la tatu

Mwalimu mwenzangu unayeripoti kituoni mwaka huu, jiandae kwa jambo hili. Utauliza saba mara nane, na darasa zima litaanza kuimba: saba mara moja saba, saba mara mbili kumi na nne... Watafika. Halafu msimamishe mtoto mmoja peke yake, umuulize swali lilelile. Ataangalia dari. Wimbo anao, ila jibu limekwama katikati ya wimbo na hawezi kulichomoa bila kuanza tena mwanzo.

Mimi dawa niliyoipata ni karata. Ila nilianza vibaya. Nilinunua pakiti dukani, nikaingia nayo darasani bila kumwambia mtu. Wiki haikuisha, mzazi akaja kuuliza kwa nini mwanawe anafundishwa kamari. Sikuwa na la kujibu, maana kwake karata ni kijiwe na pesa chini ya mkeka, na hakuna aliyemweleza vingine. Kwa hiyo mwambie mwalimu mkuu kwanza, wazazi waambie kwenye kikao, na ikiwezekana tengeneza kadi zako mwenyewe. (Majina yenyewe ya kopa, shupaza, uru na pau tuliachiwa na Wareno. Na wazee wa barazani wanaocheza karata wanajumlisha pointi kichwani haraka kuliko wahitimu wengi ninaowafahamu. Lakini hoja hiyo usiipeleke kwenye kikao cha wazazi.)

Kata manila vipande vinavyoenea kiganjani. Boksi la katoni ni gumu, kadi hazichanganyiki. Andika 1 hadi 10, kila namba mara nne, upate kadi 40. Pembeni weka tarakimu, katikati chora nukta zikiwa zimepangwa vilevile kila mara. Nukta usiziache, nitakwambia sababu. Ukitumia karata za dukani, ondoa zote zenye picha na jokari, ree (ile yenye A) iwe moja.

Mchezo wa kwanza: wawili wanagawana kadi nusu kwa nusu. Kila mmoja anafunua mbili, anajumlisha, mwenye jumla kubwa anachukua zote nne. Rahisi, lakini una mwanya. Mtoto akiona tisa na tatu kwake, na nne na mbili kwa mwenzake, anajua kashinda bila kujumlisha chochote. Nilikaa mwezi mzima nikifurahia kelele kabla sijagundua hilo. Sasa sheria ni kwamba unataja jumla yako kwa sauti kabla ya kugusa kadi, na mwenzako akikukamata umekosea, anachukua yeye.

Wakicheza, wewe usisahihishe madaftari. Zunguka, chuchumaa, tazama vidole. Nilikuwa na binti mmoja aliyefunua nane na tano. Akagusa nukta moja moja, midomo ikicheza, kuanzia moja mpaka kumi na tatu. Siku chache baadaye nikamwona amefunika ile nane kwa kiganja, akasema "nane", akaendelea: tisa, kumi, kumi na moja... Kisha ikaja siku akaziba nukta mbili za ile tano kwa kidole, akasema, "Kumi. Na tatu." Mbili kazipeleka kwa nane. Sikumfundisha siku hiyo. Alikuwa ameshacheza sana mchezo mwingine, wa kutafuta jozi za kadi zinazofanya kumi. Kwenye daftari hatua zote tatu zingepata vema ileile, na mimi nisingejua kitu. Hiyo ndiyo sababu ya zile nukta.

Kosa langu la pili lilikuwa mbio. Niliweka mchezo wa kunyang'anyana, anayetaja jibu kwanza anachukua. Watoto watano walifurahi, waliobaki wakawa watazamaji. Wapange wanaolingana, ubadilishe wenza kila Ijumaa. Na kama una watoto themanini, usitengeneze pakiti arobaini. Kundi moja licheze dakika kumi, wengine waandike, kisha wabadilishane.

Kwenye kuzidisha ndipo karata zinapolipa zaidi, maana unaweza kuchagua cha kufanyia mazoezi. Jedwali la 1 hadi 10 lina maswali 100. Mtoto akielewa kwamba saba mara nane ni sawa na nane mara saba, yanabaki 55. Toa yote yenye 1, 2, 5 na 10, ambayo hushikwa mapema, na yanabaki 21 tu. Haya ndiyo yanayowatoa watoto jasho, na yote yametoka kwenye 3, 4, 6, 7, 8 na 9. Basi pakiti ya kuzidisha iwe na namba hizo sita peke yake, kadi 24.

Wanacheza watatu. Wawili wanaweka kadi kwenye paji la uso bila kuitazama. Wa tatu, hakimu, anaziona zote mbili na kutaja jibu: "Arobaini na mbili!" Unamwona mwenzako ana sita, basi yako wewe ni ngapi? Hapo wanagawanya, wengine hata kabla hujawaandikia alama ya kugawanya ubaoni. Hakimu mpe jedwali mkononi, la sivyo mtoto asiye na uhakika atawavuruga wenzake na kuona aibu.

Usitegemee karata zimfundishe mtoto maana ya kuzidisha. Hiyo ni kazi ya vizibo vya soda na vijiti. Karata ni za kukazia alichokwisha kuelewa.

Kadi zitapotea, hilo halina ubishi. Kabla hawajarudisha ile pakiti ya 40, waambie wapange mafungu ya kumi: tisa na moja, nane na mbili, tano na tano, na zile kumi zikae kila moja peke yake. Mafungu yakitimia 22, pakiti ni nzima. Ikibaki tatu haina mwenza, hakuna haja ya kumuuliza mtu ni kadi gani imepotea. Wote wanainama chini ya madawati kutafuta saba.