Usimuulize Mzee Mwaka

Ndugu zangu mlioingia mwezi huu katika kikundi chetu cha kurekodi historia kwa wazee, karibuni sana. Najua hamu yenu ni kwenda Tongoni, karibu na Tanga, kupiga picha magofu. Yale yamesimama karne kadhaa, hata mwezi ujao mtayakuta. Wazee wetu hatuna hakika ya kuwakuta, kwa hiyo anzeni kwao.

Mwaka wangu wa kwanza nilikwenda kwa bibi mmoja, nikamkuta barazani anasuka ukili. Nikamwamkia, nikaomba ruhusa ya kurekodi kwa simu, akakubali. Akanihadithia kwamba baba yake alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi vilipoingia vita vya Mjerumani, na nyumba nzima ikakimbilia shambani na sufuria moja tu. Nikamuuliza, "Ilikuwa mwaka gani, bibi?" Mikono ikasimama kwenye ukili. "Wewe mjukuu wangu ndiye uliyesoma," akasema. "Andika wewe."

Nami nikaandika 1889, kwa kuwa siku hizo nilikuwa nasoma habari za Abushiri, kiongozi wa watu wa pwani waliopigana na Wajerumani, aliyenyongwa Pangani tarehe 15 Desemba mwaka huo.

Wiki mbili baadaye nilirudi na dada mmoja wa kikundi, mzoefu kuliko mimi. Yeye hakugusa habari za mwaka. Aliuliza, "Hao askari walikuwa watu gani, bibi?" Jibu likaja papo hapo: Wahindi, walishuka melini Tanga, na nyuki wakawatimua mbio. Basi hivyo ni vita vya Novemba 1914, Waingereza walipoleta jeshi kutoka India na Wajerumani wakalishinda palepale mjini. Nilikosea kwa miaka 25, na kama si yule dada, kosa langu lingebaki daftarini kwa jina la bibi. Bado linaniuma.

Kwa hiyo ulizeni yaliyoambatana na jambo. Nani alikuwa bado ananyonya? Ilikuwa kabla ya Uhuru au baada? Kabla ya watu kuhamishiwa vijijini? Mvua za masika zilikuwa zimeanza? Mzee akisema mfungo sita, andikeni mfungo sita, yaani mwezi wa Maulidi. Msigeuze kuwa Aprili wala Mei, maana mwezi huo huhama kila mwaka. Maneno yake yakae ukurasa wa kushoto kama yalivyotoka kinywani. Hesabu zenu wekeni kulia, kwa penseli.

Hesabu yenyewe ina mtego. Tuliwahi kukuta kaburi la ukoo limeandikwa 1307, mwaka wa Hijria, yaani kalenda ya Kiislamu inayoanzia 622; mmoja wetu akajumlisha 622 akapata 1929. Mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11, kwa hiyo kila miaka 100 toeni 3 kwanza. Kwa 1307 mnatoa 39, inabaki 1268, kisha mnajumlisha 622: mnapata 1890. Mwaka huo wa Hijria ulianza Agosti 1889, kwa hiyo jibu linaweza kupungua mwaka mmoja. Andikeni "1889 au 1890", inatosha.

Makaburini msipake chaki wala kusugua maandishi ili yasomeke. Nendeni asubuhi mapema au jioni, jua likiwa chini, herufi zitajitokeza zenyewe kwa kivuli. Tongoni kuna makaburi yapatayo 40 pamoja na msikiti, na kwenye baadhi ya kuta mtaona vishimo vya mviringo. Humo zilikaa bakuli za kigeni, zikabanduliwa. Mimi kila nikivitazama roho inaniuma, kwa hiyo nasema kwa msisitizo: hata kigae kidogo msiokote. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuchimba bila kibali ni kosa.

Mambo ya barua ya utambulisho mwachieni katibu, yeye ndiye anayekwenda kwa mtendaji wa kijiji.

Habari za unyago na uzazi waachieni akina dada wazirekodi, na kama wenyewe wanasema zisitoke nje, zisitoke.

Mkimaliza kuandika, rudini mumsomee mzee. Bibi yule nilimsomea kurasa nne. Alinisimamisha mara mbili: mbuzi walikuwa wa mjomba, na sufuria ilikuwa chungu.