Wasifu wa mama haukuanza na presha

Nimeshiriki kupanga misiba miwili ya nyumbani kwetu, wa baba 2014 na wa mama 2022, na nikisema ule wa kwanza tuliharibu mjue tuliharibu kweli. Jeneza la baba halikuingia kaburini. Fundi alikuwa kajengea tofali ndani vizuri tu, kapiga na lipu, ila vipimo alivyopewa kwa simu vilikuwa vya jeneza bila vishikio, na lile tulilochagua Dar lilikuwa na vishikio vikubwa vya kung'aa vimetokeza pembeni. Basi watu wamesimama kwenye migomba pale Marangu, Moshi, kwaya imemaliza nyimbo zote imeanza kurudia, na kijana mmoja yuko shimoni anagonga tofali kwa patasi. Ile sauti naisikia mpaka leo. Kwa hiyo la kwanza, pima jeneza pamoja na vishikio vyake ndo umtumie fundi, tena kwa meseji, sio kwa mdomo.

Sasa tuje kwenye msiba wenyewe. Kwetu mtu akifariki asubuhi, mpaka jioni kamati ishakaa, turubai liko juu, sufuria zimeletwa na watu ambao hata huwajui majina. Baba mdogo aliniambia jioni ile ile, "Mwanangu, msiba sio wako, msiba ni wa watu." Kwenye msiba wa baba niligombana sana na kauli hiyo, nikataka kuamua kila kitu mpaka rangi ya viti, nikaishia kuzimia jikoni. Kwa mama nikaikubali, ila tukaomba vitu viwili vibaki kwetu sisi watoto, wasifu na nguo atakazovaa. Kamati wakatuambia chukueni, maana wao akili yote ilikuwa kwenye Coaster ngapi na ng'ombe wangapi.

Wasifu, jamani. Nyie mnajua zinavyosomwa. Wa baba ulienda kama dakika kumi, na ukitoa alizaliwa lini na alisoma wapi, kilichobaki chote ni hospitali: alianza kusumbuliwa na presha, akapelekwa hapa, akahamishiwa kule, hali ikabadilika ghafla. Mtu kaishi miaka 71 sisi tukasimulia miezi yake minne ya mwisho, halafu tukamalizia na vyeo vya watoto. Nilikuwa nimekaa benchi la mbele nikawaza, huyu anayesomwa ni nani?

Kwa mama tulifanya hivi. Usiku wa pili tukajifungia chumbani watoto wote wanne na mama mmoja jirani aliyekaa naye Tabata miaka karibu thelathini, chupa ya chai katikati, dada anaandika kwenye simu. Sharti lilikuwa moja, hakuna sifa. Ukisema mama alikuwa mpole haliandikwi, sema alikuwa anafanya nini. Nusu saa ya kwanza ilikuwa kilio tu. Baadaye jirani ndo akafungua, akasema, "Nyie mmesahau ule mfuko?" Mama alikuwa fundi cherehani, anashona sare za shule, na kila kaptula na kila sketi aliyoshona aliweka kamfuko kadogo kwa ndani kiunoni, hakalipiwi, cha kufichia nauli ili makonda na watoto wakubwa wasikuone unapotoa. Sisi tuliokua na hiyo mifuko tulikuwa tumeshaiona ya kawaida kabisa. Ikaingia kwenye wasifu, pamoja na mengine ya hivyo hivyo, ugonjwa tukaupa sentensi moja.

Na hatukumpa MC asome. Tukampa mtoto wa yule jirani, ana sauti na anamjua mama tangu akiwa darasa la kwanza. Alipofika kwenye mfuko, baba mzima wa suti nyuma huko akaangua kicheko, kanisa zima likageuka, kumbe naye alishonewa. Watu walianza kujishika viunoni. Nikisema msiba wenye maana, mimi nakumbuka hapo.

Nguo nazo zina mambo yake. Mochwari hawataki gauni peke yake, wataulizia shimizi, soksi, kitambaa cha kichwa, mafuta, na wengine wanavalisha na glovu. Sisi tulifika na gauni tu, ikabidi mengine tuyanunue pale getini kwa bei ya kukukomoa kwa sababu wanajua hutageuka kurudi nyumbani. Andaa mfuko mzima siku moja kabla. Na kama alivaa miwani maisha yote fikirieni mapema, maana tulipomfungua kumuaga mjukuu wake mdogo aliuliza miwani ya bibi iko wapi na hakuna aliyekuwa na jibu.

Hela. Mfiwa asishike hela, hata kama ni mhasibu. Mchague mtu mmoja, namba moja ya simu, na kwenye grupu la wasapu itenganishwe ahadi na taslimu, maana ahadi ndo zinadanganya bajeti, unaona milioni nane mkononi zipo tatu. Lile daftari la rambirambi la mlangoni lichukueni nyumbani kabla turubai halijashuka, mwaka ujao mwenzako akifiwa utataka kujua alikushika mkono kwa kiasi gani.

Fulana zenye picha tulikataa. Kuna waliokasirika, yameisha. Mashada tuliita kwa makundi, wakwe kundi moja, jumuiya kundi moja, tukaokoa kama saa nzima ya jua.

Safari ya usiku Dar mpaka Moshi msiifanyie mchezo. Mkisimama Korogwe kula, madereva ndo wale kwanza na wanyooshe miguu, na lazima mtu wa familia abaki na gari la mwili. Msikubali habari za "tuwahi kufika", ibada haianzi bila nyie.

La mwisho ni karatasi, na hili halimsubiri mtu amalize kulia. Hospitali watawapa kibali cha mazishi na karatasi ya kuandikisha kifo, hiyo ya pili ndo mnapeleka RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, ndani ya siku 30 mpate cheti, na bila cheti benki hawawasikilizi, mirathi haifunguliwi. Jina la mama waliliandika limepungua herufi moja. Herufi moja tu, na kuirudisha ilikula safari tano na hati ya kiapo kwa wakili. Ile karatasi isome ukiwa bado uko dirishani, ulinganishe na kitambulisho chake cha taifa, kile cha NIDA, na kama macho yamejaa machozi mpe hata dereva bodaboda akusomee.