Unayemuuguza mgonjwa wa mpox, muulize pia habari za kifua na kichwa

Tangu aina mpya ya virusi vya mpox iliyogunduliwa Kamituga, Kivu Kusini, nchini Kongo (DRC), mwaka 2023 ivuke mipaka na kufika Burundi, Uganda, Kenya na Tanzania, sehemu kubwa ya mafunzo tunayopewa inahusu ngozi: vipele vinavyotoka, vinavyojaa usaha na kukauka, na namna ya kujikinga. Mafunzo hayo ni ya lazima. Hata hivyo, mimi niliyemuuguza mdogo wangu, dereva wa malori ya masafa marefu, namsihi kila anayeuguza amuulize mgonjwa wake kila siku kuhusu kifua na kichwa, hata anapoonekana kupata nafuu.

Vipele vya usoni vilikuwa vimeshafanya magamba aliponiambia, "Dada, kifua kinanibana." Usiku ule alikaa ukingoni mwa kitanda akiwa ameinama mbele, kwa kuwa kila alipolala chali maumivu yalizidi. Hospitalini alipimwa umeme wa moyo, na damu yake ikapimwa troponini, protini inayovuja misuli ya moyo inapoumia, ikathibitika kwamba misuli hiyo imevimba. Mwaka 2022 madaktari wa Ureno waliripoti habari za kijana wa miaka 31 aliyepatwa na hali hiyo yapata wiki moja baada ya kuanza kuugua mpox, alilazwa, akapona.

Kupona huko kuna masharti, na hapa ndipo familia nyingi hutetereka. Kwa kawaida daktari hukataza kazi nzito na mazoezi kwa miezi mitatu hadi sita, kwa sababu moyo uliovimba ukilazimishwa unaweza kwenda mapigo yasiyo na mpangilio, hata kusimama ghafla. Dereva anayelipwa kwa safari atatamani kurudi barabarani upesi, kwa hiyo ni vyema ndugu wakae mapema na kukubaliana nani atalipa kodi na karo.

Mpox ikisababisha ubongo wenyewe kuvimba, jambo linalotokea kwa nadra, hatari huwa kubwa zaidi. Mwaka 2022 vijana wawili walifariki Hispania kwa tatizo hilo, na mwaka 2003 mtoto wa miaka 6 nchini Marekani alilazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, kisha akapona. Mgonjwa akianza kuweweseka, kusinzia kupita kiasi, kupata degedege, kukaza shingo, kulegea miguu au kushindwa kukojoa, msisubiri kupambazuke.

Mkifika hospitalini, mwambieni muuguzi wa mapokezi mambo yote mawili kwa pamoja: kwamba ana mpox, na kwamba kifua kinambana au fahamu zake zimebadilika. Mgonjwa akishapelekwa kwenye chumba cha kutengwa, ulizeni kwa upole lakini kwa msimamo kama kipimo cha moyo kitaletwa humo ndani, na ni nani atakayekileta.