Uliza Ami: Ndege ndogo yaweza kutua Ncha ya Kusini?

SWALI: Ami, asalaam aleykum. Juzi kijiweni hapa Kisauni tulibishana mpaka kahawa ikapoa. Jamaa mmoja asema ndege ndogo, saizi ya hizi za kwenda Lamu, hufika mpaka Ncha ya Kusini. Mwengine asema uongo, mafuta yataganda angani na dira itazunguka kama feni. Nani mkweli? Na je mtu wa kawaida aweza kupanda?

JIBU: Waaleykum salaam mwanangu. Hufika, tena zamani tu. Inayotumika sana ni Twin Otter ya Canada, injini mbili za panga, viti 19 hivi, ila kwa safari ndefu viti vinang'olewa wanatia tangi za ziada, na miguuni wanafunga skii za kuteleza kwenye theluji.

Mafuta kuganda si uongo. Haya ya ndege ya kawaida, Jet A-1, huanza kuganda kwenye nyuzi 47 chini ya sifuri, na Ncha wakati wa baridi kali hupita 60 chini, kwa hivo hutafutwa mafuta yanayostahimili zaidi na ikishatua tu injini zinafunikwa na kupulizwa hewa moto la sivyo haziwaki tena. Na skii nazo hushikana na theluji, ndege ikisimama kidogo tu imenasa!

Lakini mimi kinachonitisha ni njia. Wanatoka Punta Arenas kule Chile, wanavuka bahari hadi Rothera, kituo cha Waingereza pembeni mwa bara la barafu, halafu kutoka hapo ni karibu kilomita 2,500 za barafu tupu, masaa tisa kumi hivi. Kuna mahali katikati ukipita mafuta ya kurudi hayatoshi tena, sasa rubani kabla hajafika hapo anawauliza kwa redio watu wa kituo cha utafiti cha Wamarekani kilichoko pale Ncha, hali ya hewa vipi? Wakisema ukungu anageuza. Wakisema shwari anapita, na ikichafuka baada ya hapo basi ni yeye na Mola wake, maana hakuna Malindi ya kushukia njiani. Aprili 2001 walimfuata hivo daktari wa kituo hicho cha Ncha, Ronald Shemenski, aliyekuwa mgonjwa, na Juni 2016 wakafuata wagonjwa wawili, giza totoro, maana huko Juni jua halichomozi kabisa.

Dira haizunguki kama feni, ila haiaminiki, na ukisimama pale Ncha kila upande ni kaskazini, utaiambia nini? Wanatumia GPS na ramani yenye mistari ya mraba.

Kupanda waweza. Desemba na Januari, ambapo huko ni kiangazi, kampuni za utalii hupeleka watu kwa ndege hizo hizo kutoka kambi ya Union Glacier, huko huko kwenye bara la barafu. Bei usiniulize, uza kwanza tuktuk zote za Kisauni.