Demokrasia na soko huria si kitu kimoja

Ndugu, umeuliza kama demokrasia na soko huria ni kitu kimoja, kwa kuwa kitabu chako cha uraia huvitaja pamoja kila mara. Hapana. Demokrasia inahusu nani atawale na ataondolewaje: kura ya siri, mahakama huru, magazeti yasiyozibwa mdomo, na walioshindwa kubaki na haki zao. Soko huria linahusu mali: unamiliki, unapanga bei, unashindana, faida yako na hasara yako. Chile chini ya Pinochet, mtawala wa kijeshi, ilifungua soko huku bunge likiwa limevunjwa, kwa hiyo kimoja chaweza kuwepo bila kingine.

Ila kwenye mtihani usiishie hapo. Onyesha kwamba soko nalo linahitaji mwamuzi, jambo ambalo wapenzi wa soko husahau upesi. Marekani ilipitisha Sheria ya Sherman mwaka 1890 kudhibiti ukiritimba, yaani kampuni moja kuhodhi soko zima. Mwaka 1911 Mahakama ya Juu ikaridhia kampuni ya Standard Oil, iliyokuwa imeshika sehemu kubwa ya usafishaji mafuta nchini, ivunjwe; ikagawanywa kuwa kampuni 34. Anza na mfano huo, halafu ndiyo uweke maelezo yako.