Krimu ya kunyolea ya bei chee: kunukia inukie, ila angalia povu na maji yako

Mtu akiingia dukani kununua krimu ya kunyolea, cha kwanza anafungua kifuniko ananusa, afu hapohapo anaamua. Kariakoo utawaona wengi wanafanya hivo na muuzaji naye anachochea, "kaka hii inanukia balaa, we chukua tu". Hamna anayeuliza povu lake likoje, linakaa usoni dakika ngapi, ngozi kesho yake inakuaje. Sasa mi nanyoa ndevu mwenyewe nyumbani miaka sasa, na tyubu nnazotumia ni hizi hizi za bei ya kawaida, so acha niseme ninachokijua.

Saivi niko na Arko, ile ya Uturuki, tyubu ya gramu 100. Sijalipwa na mtu, ni vile mfuko wangu unaimudu. Ziko nyingine kibao, Godrej ya India, Palmolive, na zingine majina hata hayasomeki vizuri, na ninachosema hapa kinazigusa karibu zote manake ukizigeuza nyuma ukasoma vile viandishi vidogo utakuta mambo ni yaleyale: maji, asidi ya steariki, potashi, gliserini, mara mafuta ya nazi au mawese, afu huko mwisho mwisho ndo unakutana na neno parfum, yaani manukato. Viungo vinapangwa kwa wingi wake, kilichojaa zaidi kinatangulia, kwa hiyo hicho kinachokufanya utoe hela ni kitu kidogo sana humo ndani. Kazi inafanywa na ile sabuni laini inayotokana na potashi na asidi ya steariki, na gliserini inashikilia maji yasikauke haraka usoni. Basi.

Harufu tuiongelee lakini, manake nayo ina habari yake na hasa kwa joto la hapa kwetu. Harufu za limao na ndimu ndo nnazozipenda mimi, zinapiga kwa nguvu ukiwa unachanganya povu, bafu zima linanukia, ila mafuta ya jamii ya limao yanaruka haraka hewani, ukishanawa uso na kujipaka mafuta yako imeshakwisha kazi. Watu wanalalamika kwamba "haikai". Jamani, krimu ya kunyolea ikae ya nini? Unainawa! Afu fikiria Ijumaa, umenyoa vizuri, umevaa kanzu yako, unataka upake udi au miski, sasa krimu nayo bado inavuma usoni kama imegoma kuondoka, unapanda daladala la Mbagala na harufu mbili zinagombana na jasho linaamulia ugomvi. Hapana. Kwenye joto la Februari harufu nzito za kimarashi marashi mi siziwezi asubuhi, zinanipa kichwa. Ile inayopotea ndo nzuri.

Na kitu kingine kuhusu harufu ni kwamba manukato ni miongoni mwa vitu vinavyoongoza kwa kuleta aleji ya ngozi kwenye vipodozi. Ukiona kila ukinyoa uso unawasha na kuwa mwekundu mwekundu hata pale ambapo wembe haujapita, badilisha utafute isiyo na harufu kabisa au ile imeandikwa ya ngozi laini. Haijalishi inanukia vipi.

Halafu kuna zile za menthol, zinazokupa ubaridi. Aisee hizo kwa Dar ni tamu, sibishi. Ila ule ubaridi sio kwamba ngozi imepoa, menthol inaamsha tu neva zinazohisi baridi, joto lako liko palepale. Nasema hivi kwa sababu kuna watu wakiisikia inachonyota wanajua ndo inafanya kazi vizuri zaidi, wanaongeza nyingine. Haina uhusiano na wembe kuteleza, na kama una kidonda kidogo au vipele utaisikia vizuri tu utaruka.

Sasa tuje kwenye povu, na hapa ndo pana mambo.

Tyubu hiyohiyo, mtu huyohuyo, inaweza ikatoa povu zito la kukatika kwa kisu ukiwa Tabata na ukienda Kigamboni ikatoa ugiligili tu. Nilikuwa kwa dada yangu Kigamboni wikiendi, maji yao ni ya kisima, chumvi tupu, nikakamua krimu nikaanza kusugua na brashi kwenye kikombe. Nasugua, nasugua, inakuja mapovu makubwa makubwa yanapasuka, na pembeni ya kikombe kimejishika kitu cheupe kama nta. Shemeji kasimama mlangoni na mswaki mdomoni ananiangalia, ananiambia, "Shem, hilo sio povu hilo, ungeniuliza mwenyeji." Akaenda akarudi na chupa ya maji ya kunywa, akanimiminia kidogo tu, nikaosha kikombe nikaanza upya na kiasi kilekile cha krimu. Povu likasimama lenyewe! Mapovu madogo madogo hata huyaoni, linang'aa, ukigeuza kikombe halidondoki.

Sababu ni kwamba maji ya visima vingi vya huku pwani yana kalsiamu na magneziamu nyingi, na sabuni ikikutana nazo zinaganda, ndo kile cheupe, sabuni inaishia hapo badala ya kutoa povu. Ni kilekile kinachofanya ukioga kwa maji ya chumvi sabuni haitaki kukolea. Maji ya bomba ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, yanayotoka mto Ruvu hayana shida hiyo kwa kiasi hicho, maji ya mvua ndo mazuri kabisa kama unakinga. Kwa hiyo wewe wa maji ya chumvi kabla hujatupa tyubu ukasema krimu feki, chukua maji ya kunywa nusu kikombe yafanyie povu, kunawa utanawa kwa hayohayo ya kisima. Na hapa hata ungenunua krimu ya bei mara tano, kisima ni kisima, haiangalii bei.

Jingine ni uvivu. Krimu ya bei chee haitaki haraka. Oga kwanza, au nawa uso vizuri na uache ukiwa umelowa usijifute na taulo, kamua kiasi cha harage, usijaze kiganja, tengeneza povu kwa brashi (mikono inatosha pia, inachelewa tu), paka kwa kuzungusha mpaka liingie chini ya ndevu, afu liache dakika mbili tatu. Unywele wa ndevu ukishanyonya maji unalainika na wembe unapita bila kuvuta. Zima feni! Watu wananyolea chumbani mbele ya kioo feni inapuliza, povu limekauka upande wa kushoto kabla hujamaliza wa kulia, afu analaumiwa mtengenezaji. Likianza kukauka lowesha vidole upake juu, usiongeze krimu.

Povu la kopo, lile la kubonyeza, mi sinunui. Ni zuri kwa mtu wa haraka, ila humo ndani kuna gesi, mara nyingi ni butani na propani, na sehemu ya hela yako inakwenda kwenye gesi na kopo lenyewe. Tyubu ya gramu 100 kwa kiasi cha harage inakaa mpaka unaisahau. Na kopo usiliache kwenye gari lililopaki juani hapa mjini, hilo lizingatie.

Vipele. Najua ndo swali la wengi. Krimu nzuri inasaidia ila haiponyi, nisikudanganye. Ndevu zetu zimejikunja, ukizikata karibu sana na ngozi ile ncha inabaki kali na inajipinda inarudi kuchoma ndani, ngozi inavimba, ndo kipele chenyewe. Kwa hiyo nyoa kufuata ndevu zinakolalia, usipandishe kinyume, usivute ngozi, na mashine ya wembe mmoja mara nyingi inakufaa kuliko zile za nyembe tano zinazovuta unywele na kuukata chini kabisa. Ukimaliza maji ya baridi, na shabu kama unayo, unapitisha tu ikiwa imelowa. Spiriti za saluni mi nimeachana nazo, zinakausha. Na kama vipele vimeshakuwa vikubwa vina usaha, acha wembe kabisa kwa muda, pitisha mashine ya umeme uache vinywele vifupi, nenda kamuone daktari wa ngozi.

Ukienda kunyolewa nje beba tyubu yako na wembe mpya, mwambie tu kinyozi "kaka nipakie hii", hamna atakayekununia. Mimi wangu wa Sinza alianza kwa kucheka, saivi ananiomba.

Ila dukani kuwa makini na jambo moja. Krimu za kuondolea nywele na krimu za kunyolea zinakaa shelfu moja na tyubu zinafanana kwa mbali. Zile za kuondolea zinayeyusha nywele kwa dawa, nyingi zina kaharufu fulani ka mayai viza hata wakifunika na maua, na sio zote zinaruhusiwa usoni. Ukiipaka ukaisubirishia kama povu la kunyolea utaungua. Soma mbele na nyuma, usitegemee picha ya mwanaume aliyechekelea.

Mwisho angalia mkiani mwa tyubu, pale ilipobanwa, tarehe imegongwa pale. Na kama imepangwa dirishani jua linaipiga kutwa nzima, mwambie muuzaji akutolee ya kwenye boksi.